Uswisi Hakuna Mlango wa Nyuma

Luzern, Uswisi
22 Desemba 1975

Kwako dada yangu Victoria,

Salamu zikufikie hapo barazani, wewe na cherehani yako, pamoja na jirani yako Romano, ambaye najua ataisikiliza barua hii hadi mwisho huku akijifanya anachagua vifungo. Sisi tulifika salama. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo tangu tushuke kwenye ndege siyasikii kama bado yapo. Mama mkwe naye ni mzima, kwa jinsi ninavyoweza kujua, maana unajua mwenyewe simtazami.

Baridi ya huku mtu wa Juba haelezwi akaelewa. Theluji imekaa juu ya kila kitu, mapaa, miti, hata baiskeli za watu. Nimepiga picha mbele ya daraja la mbao ambalo wageni wote hulipiga picha, nikiwa na koti la marehemu mume wa mwenyeji wetu, Mama Berta. Nitaziweka mezani ofisini, tuone kama Paulino ataendelea kusema kwamba safari yangu ya Ulaya ni ya mdomoni.

Lakini, dada, safari hii ina mwiba. Uliniambia nikatae. Ningekataaje? Mama Berta alituma tiketi mbili: moja ya mama mkwe wangu, kwa vile mama alimuuguza malaria Mama Berta alipokuwa akifanya kazi kwenye ile hospitali ya wakimbizi kule Uganda, na ya pili ya mtu wa kumsindikiza anayejua Kiingereza. Mimi nilidhani mama atamchukua binti yake. Keji Kiingereza anakijua vizuri kuliko bosi wangu. Mama akawaambia watu wote kanisani Kator, "Mimi nakwenda na Ezbon." Bosi akanipa likizo kabla sijaomba. Nikashukuru, na nikaanza kuota ndoto mbaya.

Mila zetu hazikutengenezewa Uswisi. Kule Juba nikisikia sauti ya mama mkwe uani, natoka kwa mlango wa nyuma, naye anajua nimetoka kwa heshima, na kila mtu anabaki na amani yake. Nyumba ya Mama Berta ina mlango mmoja. Jioni ya kwanza aliandaa meza ndogo, akaniweka uso kwa uso na mama. Mkwe ale mbele ya mkwe! Nikachukua sahani yangu, nikaenda kula ukumbini nimesimama, nikiyatazama makoti. Mama Berta akadhani sipendi viazi. Kesho yake akapika viazi vya namna nyingine.

Kuzungumza ndiyo taabu zaidi. Kwetu mtu mzima hakosi mtoto au jirani wa kumpitishia maneno. Hapa nimepata mbwa. Anaitwa Max, ni mzee na mnene. Namwambia, "Max, mwambie mama gari la moshi linaondoka saa nne." Na mama, bila kugeuka, anamjibu Max, "Ambia yeye mimi naona saa." Mama Berta anafurahi sana. Anasema hajawahi kuona Waafrika wanaopenda mbwa kiasi hiki.

Juzi alitupeleka mlimani kwa lile gari dogo linaloning'inia kwenye waya. Ndani yake kuna viti viwili vinavyotazamana. Mlango ukafungwa, nikasimama nikageukia dirishani mpaka tulipofika juu, na kurudi vilevile. Ndiyo maana nakwambia bila majivuno kwamba hakuna mtu wa Juba aliyeiona milima ya Uswisi kama mimi. Mama aliuona mgongo wangu.

Likizo ni mpaka mwisho wa Januari. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Ezbon


Hai Jalaba, Juba
11 Januari 1976

Mdogo wangu Ezbon,

Barua yako ilifika jana, imechakaa kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Khartoum. Sisi ni wazima. Krismasi ilipita vizuri, vumbi tu ndilo lililokula wali kabla yetu. Nguo za kwaya niliwahi kuzimaliza usiku wa mkesha, na mzee Pitia, mjomba wa mkeo, aliimba sauti ya nne ambayo haikuwa kwenye wimbo. Romano anakusalimu, anauliza kama Max anakula mkate wetu wa kisra.

Tumecheka, sikufichi. Halafu Romano akaenda zake, nikaisoma tena peke yangu, na safari hii sikucheka. Umeniandikia mlima, ziwa, daraja, viazi vya namna mbili na mbwa. Mkeo umemtaja akiwa Kiingereza tu. Hukuuliza kama anakula, hukuuliza yuko wapi. Unaniambia "wasalimie wote nyumbani". Nyumbani kwako, Ezbon, yupo nani? Kuna panya. Nimekwenda juzi kufagia, nao hawakunijibu salamu.

Uliwaambia watu kwamba Keji amekwenda kwa mama yake kusaidia kidogo. Ulisema hivyo Agosti. Sasa ni Januari, na wiki iliyopita alikuja kwako na mkokoteni akachukua masufuria yake na lile jiwe la kusagia simsim. Mwanamke akichukua jiwe la kusagia, mdogo wangu, hajaenda kusaidia.

Sikutaka kukuandikia mambo haya ukiwa ugenini, lakini nyumbani ulikuwa unanikimbia. Mvua ya Agosti ilipoangusha paa la mama mkwe wako, watu walitoka Malakia mpaka Kator kushika miti. Romano na mgongo wake ule mbovu alipanda juu. Wewe ulikuwa nyumbani kwako unapiga pasi shati. Nilipokufuata ukaniambia, tena kwa sauti ya padri, "Dada, mkwe hakaribii ua wa mkwe." Keji alikuwa amesimama mlangoni, mti begani, anakusikiliza. Akaondoka na ule mti, na mpaka leo hajarudi.

Baba yetu alikuwa mtu wa mila kuliko wewe. Mila hiyohiyo inayokukataza kumtazama mama mkwe ndiyo inayokuamuru umjengee. Wewe umechukua nusu, tena nusu nyepesi. Heshima ya kutoka kwa mlango wa nyuma haina jasho.

Ninajua jambo moja ambalo wewe hulijui. Mama akirudi atakaa na mjomba Pitia na wazee wengine, na neno lake ndilo litakaloamua kama Keji anarudi kwako au harudi. Keji mwenyewe amesema atafuata la mama yake. Sasa fikiri kwa nini mama alimwacha binti yake anayejua Kiingereza akakuchukua wewe. Fikiri hata ukiwa kwenye hicho kigari cha waya, umegeuka dirishani.

Kula vizuri. Funika masikio.

Dada yako,
Victoria


Luzern
13 Januari 1976

Kwako dada Victoria,

Natumaini mko salama. Sisi hatujambo sana. Barua yako bado sijaipata, labda imeganda njiani.

Mama ameanguka Ijumaa iliyopita, tulipokwenda kuona maporomoko ya maji yaliyoganda. Mguu umevunjika juu ya kifundo. Wamemfunga plasta. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huku limevunjika guu la mkuu mwenyewe, na mkosaji anatembea.

Hospitali yao ni ya ajabu. Ina lifti mbili, moja ya watu na moja ya chakula. Sakafu inang'aa hata unajiona viatu kutoka chini. Kwenye ukumbi wa kusubiri wameweka samaki wa rangi ndani ya kioo, hawaliwi, wanatazamwa tu. Nilikaa pale nikawatazama muda mrefu. Chai ni ya bure.

Mama Berta ni mzee, hawezi kumwinua mtu. Daktari amesema tusisafiri kwanza. Nimemwandikia bosi. Nisamehe kwa barua fupi, nina sufuria jikoni.

Ezbon


Hai Jalaba, Juba
4 Februari 1976

Mdogo wangu,

Poleni sana. Nimekwenda Kator mwenyewe kumwambia Keji, kwa sababu habari kama hiyo haitumwi. Alikaa chini palepale uani. Aliuliza, "Nani anamwosha?" Nikasema sijui. Akauliza, "Nani anamlisha?" Nikasema sijui, Ezbon ameandika habari za samaki.

Aliondoka bila kuniaga, akaingia chini ya lile paa jipya, nikamsikia analia.

Kwa hiyo nakuomba kwa jina la baba yetu, achana na lifti. Nani alimtoa kwenye ile barafu? Mama Berta hawezi kumwinua mtu, umesema mwenyewe. Max ni mnene. Nani anabaki? Na ni nani mwenye sufuria jikoni, wewe uliyekuwa humenyi hata yai?

Hapa joto limeanza kuua kuku. Mwenye duka ameniambia nisogeze cherehani nusu hatua, nami nikamwambia asogeze duka.

Jibu upesi. Usinipambie.

Victoria


Nairobi
1 Machi 1976

Kwako dada yangu mpenzi Victoria,

Barua hii anakuletea mama mwenyewe. Tumefika Nairobi tukakuta ndege ya Juba ina nafasi moja. Nimempandisha yeye, na mimi nimebaki kungoja ndege nyingine, ambayo kila mtu hapa ana siku yake ya kuitaja. Mpokee vizuri, anatembea kwa mkongojo. Usimwache abebe kitu, ingawa atataka.

Barua zako zote mbili zilinifikia pamoja, siku moja kabla hatujaondoka. Umeuliza nani alimtoa kwenye barafu.

Tulikuwa tumekwenda wawili tu, kwa sababu Mama Berta alikuwa na mafua na Max alibaki naye. Mama alikuwa mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima, macho chini. Kwa hiyo hata kuanguka kwake sikukuona. Niliona viatu, halafu viatu vikawa havipo njiani. Alikuwa amelala pembeni kwenye theluji, mguu umekaa vibaya. Nikageuka kutafuta mtu. Hapakuwa na mtu. Dada, nakuambia ukweli na ucheke ukipenda: nikamtafuta mbwa.

Mama akaniita. Akasema, "Ezbon." Tangu nioe bintiye, miaka yote ile ya Uganda na hii ya Juba, hajawahi kulitamka jina langu mbele yangu. Akasema, "Wewe natafuta nani? Hapa hakuna mlango ya nyuma. Kuja, nyanyua mimi."

Nikamnyanyua. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani. Ni mzito, na njia ilikuwa inateleza, na nililia njia nzima, kwa woga au kwa aibu, sijui. Yeye alikuwa ananielekeza. "Pole-pole. Weka mguu kule. Wewe nabeba mtu, si mti ya paa." Hata pale alijua kuchagua neno.

Baada ya hapo kulikuwa na wiki nyingi na mikono miwili tu ndani ya nyumba, hii yangu. Nilimpikia uji ingawa unga wao haukubali kuwa uji. Nilimvalisha soksi. Mambo mengine hayaandikwi kwenye barua anayoibeba mwenyewe kwenye mfuko wa gauni. Kula, mwishoni tulikuwa tunakula pamoja kitandani kwake, sahani moja, kwa sababu Mama Berta alichoka kuosha. Max alilala katikati. Hakuna aliyemtuma tena.

Siku moja nilikuwa nakata kucha za mguu wake mzima, kichwa chini, akaanza kusema kama anayeongea na dirisha. Akasema marehemu mumewe, baba yake Keji, hakumtazama usoni mama mkwe wake mpaka alipokufa. Lakini alimjengea nyumba, akamchimbia choo, akamvusha mto wakati wa kukimbilia Uganda. "Mama yangu hakujua sura ya bwana yangu," akasema. "Lakini mikono yake, alijua. Hata usiku yeye anajua hii ni mkono ya nani." Halafu, "Yako, mimi nilikuwa sijui."

Nilimalizia kucha tu, dada, ndilo nililoweza.

Sijui atawaambia nini wazee. Sikumwuliza. Najua kwamba ninamtaka mke wangu arudi na kwamba sina hoja moja ya kusimama nayo mbele ya mjomba Pitia. Mwambie Keji mama yake aliogeshwa kila siku. Au usimwambie, mama atasema.

Picha za daraja zimetoka zote nyeusi.

Ezbon


Hai Jalaba, Juba
17 Machi 1976

Mdogo wangu Ezbon,

Hujambo huko Nairobi? Tumesikia ndege bado, na kwamba unalala kwa yule rafiki yako wa shule anayekoroma. Sisi ni wazima. Mama alifika vizuri. Uwanja wa ndege ulijaa watu wa kanisa waliokuja kuona mguu uliovunjika Ulaya, na yeye akaunyanyua kila alipoombwa.

Alinipa barua yako. Nikaisoma, nikafunga cherehani kabla ya saa yake. Sitaki kukuambia zaidi ya hapo.

Wazee walikaa Jumamosi. Mjomba Pitia alifungua kwa kusema kwamba kuna kosa kubwa, mkwe amemgusa mkwe, amembeba, amekula naye sahani moja, na kwa hiyo mbuzi wawili wanahitajika. Mzee mwingine akasema hapana, mtu akikubeba mgongoni huyo si mkwe tena, ni mwanao. Wakakubaliana vizuri sana, mpaka Keji akauliza kutoka jikoni, "Basi mimi nimeolewa na ndugu yangu?" Wakaanza upya. Pombe ya mtama ikaisha kabla ya shauri.

Mama akagonga mkongojo chini. Aliongea kidogo tu. Alisema, "Mimi nilipeleka yeye mbali, mahali nyumba iko na mlango moja. Nilitaka kuona yeye nakimbia wapi." Akawatazama wote. "Hakukimbia. Mbuzi italetwa moja, kwa sababu ya mila. Hii nyingine, mimi nitasema na Lado."

Hatukuelewa habari ya Lado fundi. Tumeielewa Jumatatu. Lado alikuja nyumbani kwako na matofali na udongo, mama amekaa kwenye kiti anasimamia, na kufika jioni mlango wako wa nyuma haupo. Umezibwa, umepigwa lipu, umepakwa chokaa. Lado aliuliza kama aache tundu kidogo la hewa. Mama akasema, "Acha ya paka."

Najua ni nyumba yako na hukuulizwa. Ukitaka kulalamika, mlango wa mbele upo.

Keji alikuwa pale. Alingoja mpaka Lado alipoosha mikono. Kisha alikwenda Kator, akarudi na mkokoteni, na jiwe la kusagia simsim lilikuwa juu kabisa. Nilipomwuliza niandike nini, alifikiri sana. Alisema, "Mwambie mimi nimerudi kwenye nyumba ya mlango mmoja. Sijui kama ataipenda." Halafu akasema nikuulize kama ni kweli ulilia njia nzima. Nilimwambia ni kweli. Akageuza uso, lakini nilikuwa nimeshamwona.

Mama yupo huko naye kwa sasa, mpaka mguu upone. Wamepanga meza ile uliyonunua ukawa unaweka magazeti. Mama amechagua kiti chake, Keji chake. Kilichobaki kinatazamana na mama, uso kwa uso, na hakuna dirisha.

Dada yako,
Victoria


SIMU
Nairobi, 24 Machi 1976

VICTORIA HAI JALABA JUBA. NDEGE NI JUMAMOSI. WAAMBIE WASILE BILA MIMI. EZBON